Kichwa cha Samaki Kilipogeuzwa

Mtu mwenye mdomo kama wangu haaibiki mara moja akamaliza. Nimeaibika Kariakoo, nimeaibika msibani, nimeaibika siku ya harusi yangu mwenyewe mbele ya wakwe wote wa Tanga na vitongoji vyake. Lakini aibu zote hizo ukizipanga upande mmoja wa mizani, na ile ya Guangzhou ukaiweka peke yake upande wa pili, upande wa Guangzhou utagonga sakafu na kuitoboa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Waswahili kule tulikuwa wachache. Ukimwona mwenzako ng'ambo ya barabara pale Huanshi Zhonglu, unamwita kwa sauti mpaka magari yanapunguza mwendo. Mimi nilikuwa nanunua midoli na vifaa vya shule Yide Lu. Mtaa ule unauza midoli hapa na samaki wakavu pale, ndiyo maana watoto wa Dar es Salaam wa miaka ile walikua wakiamini kwamba kila mdoli duniani unanuka uduvi. Kichina nilikisoma darasa la jioni, kama nilivyosoma sekondari yangu yote darasa la jioni, baada ya kazi, jicho moja limefumba. Mwalimu wangu wa Kichina alisema nina masikio mabovu na mdomo mzuri. Nikaichukua hiyo ya pili, ya kwanza nikamwachia mwenyewe.

Nilikuwa na laobani wangu. Hivyo ndivyo tulivyowaita wenye maduka kule, hata kama duka ni meza moja na mwavuli. Huyu wangu alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye duka jembamba kama yeye, na dari lake lote lilining'inia helikopta za plastiki. Ukifungua mlango upepo ukaingia, zote zinazunguka kwa pamoja, unadhani vita vimeanza. Aliwahi kuniambia kwamba zamani alikuwa mwanajeshi wa majini, kwenye helikopta za kusaka nyambizi.

"Ukizipiga mabomu?" niliuliza, macho yamenitoka.

"Nikisikiliza."

Akanieleza. Helikopta inasimama hewani karibu kabisa na maji. Inashusha kifaa kwa waya mrefu mpaka kilindini. Yeye amekaa nyuma, hedifoni masikioni, anasikiliza kama kuna chombo kinapita huko chini.

"Halafu?"

"Halafu tunapandisha waya, tunakwenda kusikiliza mahali pengine."

Nilimsikitikia. Niliona hadithi yenye helikopta na nyambizi ndani yake haiwezi kuishia hapo, na kwamba angeniachia mimi niisimulie, ingefika mbali.

Siku moja, nikiwa nachagua penseli, akaniambia, "Jumapili mchana nakula na wenzangu wa kikosi. Tunakutana kila mwaka. Njoo."

"Mimi, laobani? Nitafanya nini katikati ya wazee wa jeshi?"

"Utakaa."

"Pombe sinywi."

"Utakunywa chai. Utakaa tu."

Sikuuliza zaidi. Nilijua ni ucheshi wangu. Niliporudi nyumba ya wageni niliwaambia wenzangu kwamba nimealikwa na wanamaji wa China. Tulipomaliza chakula cha jioni mwaliko ulikuwa umeshatoka kwa jemadari. Tulipokwenda kulala jemadari alikuwa anatuma gari.

Jumapili nilivaa suti ya Kaunda na viatu vinavyolia. Laobani alinikagua pale mlangoni kwake, akaninyoosha kola kama baba anayempeleka mwana kuposa. Alikuwa na wasiwasi, nami nikadhani ni wasiwasi wa furaha.

Mkahawa ulikuwa ghorofani, juu ya duka la mabegi. Meza ilikuwa ya duara, kubwa kama uwanja wa mpira, na juu yake kioo kinachozunguka: vyakula vyote vinawekwa pale, ukitaka bata unakisukuma kioo, bata anakuja kwako. Nikaketishwa kiti kinachotazama mlango, ambacho ndicho kiti cha mgeni wa heshima. Laobani akakaa mbali, ng'ambo ya meza.

Wenzake wawili nawakumbuka vizuri. Rubani alikuwa mtu wa tumbo kubwa na sauti inayotetemesha vijiti vya kulia. Wa pili ndiye aliyekuwa akishusha na kupandisha ule waya kwa winchi: mfupi, pengo mbele, mdomo haupoi. Nilimpenda papo hapo, maana mtu humpenda aliyefanana naye. Wengine walikuwapo, lakini kazi yao siku ile ilikuwa kucheka na kumimina. Wote walimwita laobani wangu "Sikio".

Basi zikaanza kumbukumbu. Rubani akasimulia ugumu wa kuituliza helikopta juu ya maji ya bahari, mawimbi yanapanda na kushuka, upepo wa mapanga ya helikopta unarusha chumvi mpaka kioo cha mbele kinakuwa cheupe kama kimepakwa chokaa, na wewe usisogee hata kidogo, maana ukisogea waya unalala upande na kifaa chote kinapotea.

"Nilikuwa nasimama juu ya ncha ya sindano," alisema.

"Ulikuwa unayumba kama mlevi," alisema mtu wa winchi. "Mimi nilitapika kwenye kofia yangu, ikajaa, nikaazima ya Sikio."

"Hukuazima. Ulinivua," alisema laobani, na alitabasamu. Ndiyo mara pekee niliyomwona akitabasamu mchana ule.

Wakasema jinsi kelele za injini zilivyowatoboa mpaka wakawa wanazungumza kwa mikono hata wakiwa nyumbani na wake zao. Wakasema jinsi Sikio alivyoweza kufumba macho katikati ya makelele yale yote, akainua kidole kimoja, na wao wote wakaacha kupumua. Nami sikukaa kimya. Nikawaambia kwetu kuna papa anayefahamu majina ya wavuvi. Wakacheka, wakanipigia meza. Nilinawiri.

Akaletwa samaki. Mzima, wa njano, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, amelala kwenye mchuzi. Mhudumu akamweka juu ya kioo na kukizungusha taratibu mpaka kichwa kikanielekea mimi, mdomo wazi, jicho limenikazia. Wazee wote wakashika bilauri zao, wakaningoja.

"Mbona ananiangalia?" nilimwuliza mtu wa winchi.

"Kichwa humwelekea mkubwa wa meza. Yeye ndiye anayekunywa kwanza, sisi tunafuata, ndipo samaki analiwa."

Sasa hebu nihurumie. Mimi ni mtu wa pwani. Nyumbani kwetu kichwa cha samaki ni cha mzee; mama alikiweka kwenye sahani ya babu hata kabla wali haujapakuliwa, na mtoto aliyekinyooshea mkono alitazamwa jicho ambalo halikuhitaji fimbo. Na pale mezani mdogo wa wote nilikuwa mimi, tena mwenye kikombe cha chai. Nilimtazama laobani wangu kule mbali. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, uso umetulia kama wa mtu ambaye hatimaye gari lake limewaka. Nikasema moyoni, leo nitamheshimu mzee huyu mpaka alie.

Nikasimama. Nikatoa hotuba kwa Kichina changu cha darasa la jioni: kwamba kwetu Afrika kichwa ni cha mzee, na kwangu mimi mzee ni mmoja hapa. Nikaweka kiganja kwenye kioo, nikakizungusha. Kichwa kikampita mtu wa winchi, kikampita rubani, kikaenda kutua sawasawa mbele ya laobani. Nikamwinamia.

Halafu chumba kikapasuka.

"Hata Afrika wanajua!" alipiga kelele mtu wa winchi, machozi yanamtoka. "Sikio, habari zako zimefika Afrika!"

Walicheka mpaka mmoja wao akashuka chini ya meza. Nami nikacheka nao, kwa nguvu kuliko wote, bila kujua ninacheka nini. Jambo hilo ndilo bado linaniunguza uso.

Mtu wa winchi akanisimulia huku akijifuta. Siku moja baharini Sikio aliinua kidole, akasema, "Yupo. Yuko chini yetu." Rubani akatoa taarifa. Meli za kivita zikageuka zote, wakubwa wakatolewa vitandani, mabomu ya majini yakaangushwa. Wakangoja nyambizi ielee. Wakaelea samaki. Samaki wa aina ile ile iliyokuwa mezani. Wakati wa kuzaana wanakoroma wote kwa pamoja, na chini ya maji mkoromo wao hudunda kama injini. Walielea mpaka bahari ikawa ya njano kama unga wa mahindi wa msaada tuliokula kwetu miaka ile ya njaa. Kikosi kilikula samaki mpaka watu wakaanza kuota magamba.

"Kwa hiyo kila mwaka tunamwagiza samaki huyu," alisema, "na kila mwaka kichwa kinamtafuta mwenyewe. Mwaka huu tulikuonea haya wewe mgeni, tukasema tumwache. Kumbe mgeni ni mwenzetu!"

Laobani alinyanyua bilauri akanywa, kama desturi inavyotaka. Akaiweka chini. Hapo nikaacha kucheka, maana uso wake niliuona.

Tungeishia hapo. Lakini rubani alikuwa ameshakunywa sana, naye hakuwa anacheka tena.

"La samaki ni la kuchekesha," alisema. "La zoezi la mwisho halichekeshi."

"Acha hilo," alisema mtu wa winchi.

"Nyambizi yetu wenyewe, ilijificha tuitafute. Ilipita chini yetu. Mimi nilikuwa namtazama Sikio kwenye kioo kidogo cha kuonea nyuma, na najua akisikia kitu uso wake unakuwaje. Alisikia. Hakuinua kidole." Akamgeukia. "Kikosi kizima tulirudi mikono mitupu. Miaka yote hii sijakuuliza. Kwa nini hukusema?"

Laobani alikuwa akikitazama kichwa cha samaki.

"Nilidhani ni samaki," alisema.

Hakucheka mtu. Nami, badala ya kutulia kama kiti, nikaona nirekebishe. Nikashika tena kioo nirudishe kichwa kwangu. Kikaanza safari yake polepole kuzunguka meza, na kila kilipomfikia mtu, yule mtu aliinamia bakuli lake, mmoja baada ya mwingine, rubani naye akainama, mpaka kikanifikia na mimi nikainama.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, viatu vyangu vinalia njia nzima kama vifaranga. Dukani alifungua mlango na helikopta zote zikazunguka. Alingoja mpaka zikatulia.

"Kwa mgeni hawawezi," alisema. "Kichwa kikimwelekea mgeni, hakuna anayeweza kukigeuza. Nilikuita ukae mbele ya kichwa hicho. Basi."

"Laobani, si ungeniambia?"

"Wewe?" Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Ningekuambia, Yide Lu nzima ingejua kabla wali haujaiva."

Nyumba ya wageni waliponiuliza kuhusu jemadari, nilisema tumbo linaniuma, nikajifunika shuka.

Mwaka uliofuata nilirudi kununua mzigo. Nilizunguka mtaa mzima kabla ya kuthubutu kuingia kwake. Aliniuzia penseli, akanifungia kwa kamba, ndipo akasema bila kuniangalia, "Jumapili."

"Nitakaa," nilisema.

"Mikono?"

"Itakaa mahali utakapoiona, laobani."

Meza ile ile, kioo kile kile, kiti kile kile. Nilinyamaza mpaka rubani akauliza kama nimefiwa. Samaki akaja, kichwa kikanielekea, nikanyanyua chai yangu, nikanywa, wakanywa. Laobani akavuta pumzi. Hapo mtu wa winchi akatabasamu kwa pengo lake, akanikonyeza, akaweka vidole kwenye ukingo wa kioo ili amalizie kazi niliyoianzisha mwaka jana.

Nikabana kioo kwa dole gumba la kushoto, chini kwa chini, kwa nguvu zangu zote.

Akasukuma. Akasukuma tena. "Meza imekwama," alisema.

"Imekwama," nilisema.

Rubani alitazama dole gumba langu, ambalo lilikuwa limeshageuka rangi. Akamtazama Sikio. Kisha akanyoosha mkono wake mkubwa, akaviondoa vidole vya mtu wa winchi kwenye kioo kimoja kimoja.

"Imekwama," alisema. "Kila mtu ale kilicho mbele yake."

Rubani alipata karanga. Mtu wa winchi alipata sahani ya pilipili, akaila akitukana mafundi wa meza. Bata mzima alikuwa mbele ya laobani, akamla taratibu, paja kwa paja. Mimi nilikula samaki kwa mkono wa kulia, peke yangu, na mkono wa kushoto ulikufa ganzi mpaka begani kabla supu haijaletwa, lakini dole gumba sikulitoa.