Nani Anakunywa Kwanza

Mwalimu wetu wa jiografia kule Kajiado alisifu ziwa moja la milima ya Alps kama la babake: barafu ilichonga bonde, mawe yakaziba mdomo, theluji ikayeyuka ikalijaza, na watu wa kale wakajenga nyumba juu ya nguzo ukingoni. Nikauliza ng'ombe wa nani hunywa kwanza, maana kisimani kwetu kila boma lilikuwa na siku yake. Akaniita mjinga, akanisimamisha mbele ya darasa mpaka kengele.

Sasa amestaafu, na tunakaa ploti moja Kitengela. Jumamosi alitupita sote kwenye foleni ya maji na mitungi yake minne. Nikairudisha nyuma kwa mguu.

"Mwalimu, lile swali hukunijibu. Nani anakunywa kwanza?"