Mate ya Guka

Juzi pale Kamakis kijana mmoja alikuwa akiwatembeza wageni, akiwaonyesha pombe ya muratina inavyotengenezwa. Akainua lile tunda kavu la kuchachusha pombe, na harufu ya asali iliyochacha ikanirudisha utotoni Kiganjo, nyuma ya jikoni kwa babu yangu, Guka.

Mchana ule Guka alitumbukiza mkono mtungini, akatoa kitu cheusi chenye nyuzinyuzi, akakikamua. Maji yake yakarudi mle mle, pamoja na nyuki waliokufa. Mimi nilidhani ni dodoki lake la kusugulia miguu. Kisha akapiga funda, akaniita, akanipulizia pombe yote kifuani. Nikanuka asali na meno yake mabovu.

“Ui, Cucu, Guka amenitemea! Nimemkosea nini?” nikamlilia nyanya.

“Nyamaza, amekubariki.”

Nilienda kutapika nyuma ya zizi.

Pale Kamakis nilimuuliza yule kijana, “Na ile ya kutemea watoto?”

“Hiyo tulitoa, mathe. Wageni wanaona kinyaa.”

Akanipa yangu kwenye glasi ya divai, imechujwa, inang’aa, haina mate ya mtu yeyote. Ikanishinda kumeza.