Tetere wa Kichanjani

Sisi tuliokulia Bombambili kabla ya simu za kupangusa tulitembea na manati shingoni na kokoto mifukoni, kaptura zikishuka kwa uzito. Tulirudi kutoka shuleni tukinuka jasho na mapera, tukala ugali kwa likolo, mboga za majani alizochuma Bibi, kisha tukapotelea vichakani. Mtoto wa siku hizi ukimpa manati atakuuliza inachajiwa wapi.

Uani kwetu, hata hivyo, manati ilikuwa marufuku. Bibi akimaliza kutwanga na kupeta mahindi, alimwaga chenga kwenye ungo uliotoboka, akauweka juu ya kichanja cha vyombo. Wakaja ndege: shore, chiriku, na tetere wawili waliokula taratibu kama wageni walioalikwa. "Aliyekuja kula kwangu hapigwi," alikuwa akisema.

Siku moja, nikiwa darasa la nne, Bibi alikwenda kwenye sala ya jumuiya. Nikajibanza nyuma ya banda la kuku. Sikulenga kwa dhati, au ndivyo nilivyojieleza miaka yote. Tetere mmoja akaanguka. Nilimzika chini ya mgomba, nikafagia manyoya. Mwenzake alikuja siku mbili tatu, akasimama ukingoni mwa ungo bila kudonoa, kisha hakuonekana tena. Bibi hakuuliza kitu. Siku moja tu baada ya maziko yale alinikabidhi kazi ya kumwaga chenga kila asubuhi, nami nikaifanya hadi nilipokwenda chuo.

Sasa nimerudi na shahada, nasubiri majibu ya maombi ya kazi. Asubuhi nakaa mlangoni na simu, napiga picha ndege wa kichanjani. Shore ninao wa kutosha. Tetere, sina hata mmoja. Nikaanza kuwaza kwamba labda ni kivuli changu, labda ni shati jekundu, labda wanasimuliana habari zangu. Nikabadilisha shati.

Juma lililopita wakashuka wawili. Nikapiga haraka, picha ikatoka na ukungu. Nikampelekea Bibi, aliyekuwa akichambua maharage. Aliisogeza simu mbali na macho, kisha karibu, akatabasamu. Maneno niliyoyapanga tangu utotoni yakatoka mafupi.

"Bibi, yule tetere wa zamani nilimpiga mimi."

"Najua," alisema, mikono ikiendelea na maharage. "Siku ile ulifagia uwanja bila kutumwa. Ndiyo maana nilikupa chenga."

Enzi zile kinu kililia kila uani, na chenga hazikuadimika. Leo Bibi hana tena nguvu za kutwanga, unga tunanunua wa kwenye mifuko, na chenga nazifuata mashineni kwa miguu. Mwenye mashine huniuliza nafuga kuku wangapi.

Namwambia ni wawili.