Mkopo Niliomwahidi Binti Yangu

Siku niliyofaulu mtihani wa leseni ya mikopo ya nyumba, hapa Louisville, mwaka 2014, binti yangu wa mwisho alinipikia sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, akasema, "Papa, sasa mkopo wa nyumba yangu utaushika weye." Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Buffalo, jimbo la New York, mfanyakazi wa kiwanda kule Tonawanda. Nikamwahidi. Kila jimbo lina leseni yake. Mimi nilikuwa na ya Kentucky. Ya New York ningeiomba watakapokuwa tayari.

Nilikuwa mzee tayari, na shule yangu iliishia sekondari, kwetu Uvira, Kongo. Mtihani ulinishinda mara ya kwanza. Kwa hiyo nilipopewa meza yangu katika ofisi ndogo karibu na Newburg, nilikuwa naifuta vumbi kila asubuhi hata kama haina. Jumamosi watu wetu walikuja moja kwa moja kutoka kazini kwenye maghala, bado wamevaa viatu vya kazi. Ninawakumbuka kuliko kitu kingine chochote. Mama mmoja aliniuliza, "Papa, ile nyumba itakuwa yangu ao ya banki?"

"Itakuwa yako, mama. Banki itakuwa mgeni mwenye kukataa kuondoka."

"Bon, basi naye aoshe vyombo!"

Leseni haijilindi yenyewe. Kila mwaka unasoma masomo mapya kwenye kompyuta, na unathibitisha kwamba ni wewe mwenyewe uliyesoma. Mwaka uliofuata nilichelewesha mpaka Desemba, na Desemba hiyo kaka yangu mkubwa akafa huko Columbus. Mimi ndiye niliyemfuata kwa kuzaliwa, hivyo nilikaa matangani kupokea watu. Niliona kufungua kompyuta mbele yao kungekuwa kumtukana marehemu. Nikampigia binti yangu simu.

"Ingia mu ile masomo ya leseni, unisomee."

"Papa, si wanasema lazima ikuwe weye mwenyewe?"

"Nani alijaza karatasi za mama yako ku hospitali? Nani anaongeaka na watu wa umeme? Donc, fanya."

Katika nyumba zetu watoto ndio wanaobonyeza kila kitu kwa niaba ya wazazi. Lakini nilijua hili lilikuwa jambo lingine. Hata kwenye matanga kuna chumba ambacho mtu anaweza kujifungia. Sikukitafuta.

Januari, mkuu wa ofisi, mama Mmarekani aliyenivumilia sana, aliniuliza tukinywa kahawa nilionaje kanuni mpya iliyokuwa kwenye masomo. Nikamjibu, tena kwa kujivuna, "Binti yangu ndiye aliyesoma. Ana akili kunishinda."

Akaweka kikombe chini. "Laiti usingeniambia," alisema.

Hakuweza kunyamaza, na simlaumu. Wakaguzi wa jimbo waliponihoji niliwaambia ukweli wote, na leseni ikaenda. Ya New York ikaenda pamoja nayo, kabla sijaiomba, maana aliyenyang'anywa leseni jimbo moja hapewi kwingine.

"Nilipaswa kukukatalia, Papa," binti yangu alisema akilia.

"Mimi ndiye nilikutuma," nilimwambia. Nilimwambia tena siku ya harusi yake. Sijui kama aliwahi kuniamini.

Walipopata nyumba ya kununua, Cheektowaga, karibu na Buffalo, alinilipia tikiti ya basi niende. Tuliketi mezani, karatasi mbele yetu, na kijana wa mikopo akizungumza kwenye spika ya simu. Alikuwa anajua kazi yake. Alieleza riba vizuri, ila haraka, na alipofika mahali ambapo mimi ningesimama kidogo ili mtu apumue, yeye hakusimama.

Binti yangu akafunika simu kwa kiganja, akaniuliza kwa Kiingereza. "Papa, umenyamaza sana. Iko sawa?"

"Iko sawa. Ni mkopo mzuri."

Akanitazama. Kisha akauliza kwa Kiswahili, yeye ambaye siku hizo alikuwa akinijibu kwa Kiingereza tu, "Na banki italala chumba gani?"

"Mu salon, pale wageni wanakaaka," nikasema. "Na vyombo haitaosha."

Tukacheka mpaka yule kijana akauliza kulikoni. Binti yangu akamtafsiria. Kijana akasema, "Sawa," akaendelea na ukurasa uliofuata.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Kila neno alilolisema nilikuwa nalijua, na nilitamani sana liwe linatoka kinywani mwangu.