Mgongo wa Mama Ambao Sikuuona

Niligundua nimeibiwa mama nikiwa darasani, kipindi cha Kiswahili, nimesimama mbele ya wenzangu nasoma insha.

Msicheke. Someni kwanza.

Ilikuwa mwaka sabini na saba, mimi Penina niko darasa la tano. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Bunda, ile operesheni ya kusogeza watu wakae pamoja. Shule yenyewe miti mitupu, haijakandikwa hata udongo, upepo unapita unavyotaka.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Bibi Boke. Huyu hakunizalia mama wala baba. Kwetu Mara, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzie, ili watoto wazaliwe kwenye mji wake. Tunaita nyumba ntobu.

Bibi Boke alimuoa mama yangu, jina lake Kwangu, binti wa Suguti. Nikazaliwa mimi peke yangu.

Mama hakuwepo pale kijijini, na mimi nilikuwaga namchukia kufa. Siku lori lilipokuja kutuhamisha, alikataa kupanda. Alisimama mlangoni, akatugeuzia mgongo, akaenda zake kwao. Hakurudi hata kuniulizia.

Sasa mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Wenceslaus, kijana machachari katoka chuo juzi, akaja na mambo yake. Akasema stori moja ina macho mengi. Tuandike siku ya kuhama, ila anayesimulia asiwe wewe, awe mtu mwingine aliyekuwepo.

Mwenzetu Mwikwabe akaandika kama dereva wa lori. Tulivunjika mbavu.

Mimi nikaandika kama mama. Nilitaka nimchambe vizuri.

"Mimi Kwangu niligeuza mgongo kwa sababu mtoto wangu simpendi," nikasoma.

Mwalimu hakunigombeza. Akasema huyo anayeongea bado ni Penina, kajifunga tu kanga ya mama yake. Kabla sijavaa macho ya mtu, nimwambie kwanza ya kwangu yaliona nini.

"Kwenye lori ulikaa wapi?"

"Mapajani kwa Bibi."

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

Nikamwambia Bibi alikuwa amenifunika kanga uso mzima, vumbi lisiniingie.

"Sasa mgongo wa mama yako uliuonaje?"

Nikautafuta ule mgongo kichwani. Mama kavaa nguo gani, kasimama upande gani. Jamani, hakuna kitu. Nilichokuwa nacho ni sauti ya Bibi tu, niko chini ya kanga, ananiambia mama yako huyo anatugeuzia mgongo, lia yaishe.

Nilitoka darasani bila ruhusa. Bibi nilimkuta anapalilia pamba. Nikamuuliza, siku ile ya lori mama alikuwepo?

Bibi Boke alikuwa mwanamke mkali, hata wanaume walimwogopa. Siku hiyo alikaa chini katikati ya matuta, akasema yote.

Mama alikuwa ameenda Suguti kumuuguza baba yake. Bibi alijua lori linakuja, na hakutuma mtu wa kumwita. Maafisa walikuwa wanaandikisha kaya, habari ya mwanamke kuoa mwanamke hawataki kuisikia. Walishamwambia mama anaweza kupewa kiwanja chake, aondoke na mtoto wake. Bibi akaona mji wake unazimika hivihivi.

"Mimi ningebaki na nani?" akaniuliza.

Kisha akaendelea.

Mama aliporudi akakuta boma tupu, akatufuata. Alifika mpaka kijijini, mimi nikiwa shuleni. Bibi akamzuia njiani, akamwambia Penina hakutaki, anasema mama yake ni mimi.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Lakini ndani nilikuwa na furaha, niwaambie ukweli. Kumbe nilitafutwa. Nikaona dawa ni moja tu, niende nikamwambie mama kwamba yale maneno sikuyasema.

Nilimweleza Mwalimu yote, na Jumamosi akanipeleka Suguti. Tukapanda basi, halafu tukaenda kwa miguu. Tukamkuta mamdogo wangu anaanika dagaa. Aliniangalia usoni, beseni likamtoka mikononi.

"Umechelewa, mwanangu," akasema. "Tulimzika mvua zilizopita. Homa tu. Kila tukimwambia arudi kukuchukua, alikuwa anasema mtoto keshanikataa, mwacheni asome kwa amani."

Mama yangu alikufa akijua nimemkataa. Na mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilirudi kwa Bibi. Ningeenda wapi? Nilimpikia, nilimwogesha alipozeeka, na nilipomzika miaka ile ya themanini nililia mpaka watu wakasema huyu kampenda kweli. Ni kweli nilimpenda, na kusamehe pia sikumaliza. Vyote vilikaa humuhumu ndani, vimebanana.

Haya, wewe unayelea mtoto na mwenzio mmegombana, ugomvi wenu umalizeni wenyewe, usimjaze mtoto maneno.

Na wewe uliyemnunia mzazi wako miaka nenda rudi, jiulize, uliyaona au uliambiwa? Kama uliambiwa, panda basi ukamuulize mwenyewe. Nenda angali hai.