Uso Nyuma ya Timiro

Fartun alikuwa na duka la picha mjini Garissa, mkabala na akina mama wauza maziwa ya ngamia, na sifa yake ilikuwa moja: picha ikipita mikononi mwake hutoka inang'aa. Ndiyo sababu wanawake wasuka vikapu wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley walipotaka tovuti ya kuonyesha kazi yao, walimwita yeye aende na kamera yake.

Kule kambini mwanamke mmoja alimvuta kando. Aliitwa Khadijo. Hakuwa mkimbizi, alikuwa mzaliwa wa Wajir aliyejificha kwa shangazi yake, akimkimbia mume aliyeapa kumchinja.

"Abaayo, dada yangu, mimi usinipige picha," alimwambia, amejifunika akabaki macho tu. "Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Wallahi sikupigi," Fartun akamjibu, naye alisema kwa moyo mmoja.

Alimpiga picha Timiro, mwenyekiti wa kikundi, ameinua kikapu chekundu. Picha zilipopanda kwenye tovuti mara ya kwanza, Timiro alipiga simu akilalamika. "Fartun, vikapu vyetu vina ukungu, utadhani umetupiga tukiwa ndani ya chandarua!"

Maneno hayo yalimchoma Fartun. Akairudia picha ya asili. Akaikata kingo, akaipunguza ukubwa ili ifunguke upesi hata kwenye simu yenye mtandao wa kubabaisha, halafu akaiongezea ukali kidogo kidogo, mpaka kila ukindu ukajitenga na mwenzake. Akaipandisha, akajisifu kimoyomoyo. Muda wote huo macho yake yalikuwa kwenye kikapu.

Siku chache baadaye akaingia mwanamume mwenye shati safi na sauti ya upole. Alitoa salamu, akaulizia hali ya nyumbani, ndipo akaweka simu mezani.

"Hii bicha ni kazi yako, dada? Nimeambiwa ni wewe."

"Ni yangu."

Akaikuza kwa vidole viwili. Nyuma ya bega la Timiro, kando ya tangi la maji, palikuwa na mwanamke aliyeinua shela kidogo anywe. Hapo mwanzo alikuwa doa tu. Sasa nyusi zake zilionekana, na kovu la kidevuni pia.

"Huyu bibi yangu," mtu yule alisema, akitabasamu. "Nimemtafuta sana. Hii tangi imeandikwa nini? Umekata hapa. Nipe ile bicha kubwa."

Fartun akamkumbuka Khadijo. Picha kubwa ilikuwa wazi kwenye kompyuta, na jina la mtaa lilisomeka juu ya tangi. Mtu yule angepiga hatua moja tu kuzunguka meza, angeliona.

"Picha si mali yangu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Mpaka wenyewe wakubali."

"Basi waulize. Mimi nitangoja."

Akavuta kiti, akaketi. Fartun alishika kipanya. Akaifunga picha. Mwanamume akamtazama vidole, kisha usoni. Nje wauza maziwa walikuwa wakicheka, naye akajiuliza kama wangesikia akipiga kelele.

Adhana ya adhuhuri ilipoanza, mtu yule akanyanyuka. "Naenda kuswali. Narudi, dada. Usifunge."

Fartun aliifuta ile picha kwenye tovuti kabla ya kitu kingine, kisha akampigia Timiro. Alilia akieleza. Timiro hakumgombeza. "Nyamaza, binti yangu. Namfuata Khadijo sasa hivi," alisema, akakata. Fartun akafunga duka, akaenda kuketi katikati ya wauza maziwa.

Mtu yule alirudi, akaukuta mlango na kufuli. Akawaona wanawake wamejazana, naye Fartun katikati yao. Akasimama akimkazia macho, kisha akaondoka kwa mwendo wa taratibu.

Alifika Dagahaley kesho yake. Alizunguka na simu yake akionyesha watu tangi lile, hadi mmoja akamwelekeza. Aligonga kwa shangazi wa Khadijo, akaambiwa mgeni ameondoka, hakuaga. Khadijo alikuwa kijijini Kotile tayari, kwa jamaa za Timiro wafugao ng'ombe.

Alimpigia Fartun mara moja tu, kwa simu ya kuazima.

"Nisamehe," Fartun alimwambia.

"Nimefika salama," Khadijo alisema. "Lakini uso wangu bado anao kwenye simu yake."

Fartun bado anafanya kazi ileile, na akina mama wa vikapu bado wanampa picha zao azing'arishe. Siku hizi huanza na watu walio nyuma, akiwakuza mmoja mmoja, asiyemjua akamtia ukungu. Mlango ukigongwa, huzima kioo cha kompyuta kwanza ndipo aitikie.