Leseni ya Bastola ya Vasanti

Siku ya kura, Vasanti, mwenye duka la mabati Kisumu, hakuwa na kitambulisho. Ijumaa alikiacha kwa askari wa geti la jengo la ofisi Milimani, kama kila mgeni, akasahau kukichukua. Kituoni akatoa leseni ya bastola.

"Hii haikubaliki, Mama," karani wa kura alisema.

"Serikali imeniamini na risasi, halafu inaogopa kunipa kalamu?"

"Kitambulisho ama paspoti."

"Sawa. Narudi, na utanipa karatasi yangu ya kura."

Kwenye geti la Milimani, askari alimzuia. "Kitambulisho chako kiko mapokezi, Mama. Lakini huingii bila kuacha kitambulisho."

Vasanti akamnyooshea leseni ileile. Askari akaikagua, akaridhika, akamfungulia.

Saa kumi na nusu alimwinulia karani kidole kidogo chenye wino, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.